Mitungi Kumi na Jozi Tisa za Viatu

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za stoo ya gatini, nikapewa soda, keki na saa ya ukutani. Saa yenyewe inakwenda mbele dakika kumi kila siku, kwa hiyo nyumbani kwangu sasa hakuna anayechelewa. Nyinyi vijana mliobaki na mashua mliniambia, "Mzee Kisia, tuandikie mambo ya zamani, usiende nayo shambani." Haya, naandika. Sitaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini, maana hayo hayamfunzi mtu kushika kamba. Nitaeleza kazi. Na kuna jambo moja ambalo sijawahi kuwaambia nyinyi pale gatini kwa miaka yote hiyo. Nalo nitalisema zamu yake ikifika, msinikimbize.

Nilishuka Kisumu kutoka Maragoli mwaka uliofuata uhuru. Nilipanga chumba Kondele, wakati ule ukiamka asubuhi unasikia jogoo kuliko magari. Mimi ni mtu wa milimani. Maji niliyoyazoea ni yale ya kisimani, yanayokaa kimya mahali pake. Lakini nilisikia kuna Mhindi mmoja, fundi wa injini, anatafuta mtu wa kubeba mitungi ya hewa, nami kubeba nilikuwa nakujua.

Mhindi huyo aliitwa Bwana Jivan. Alikuwa amekwenda Mombasa kutengeneza injini za meli, huko akafundishwa kupiga mbizi na mtungi mgongoni, akarudi Kisumu na ugonjwa wa jambo hilo. Kila mtu alimwambia ziwa si bahari, maji yake si ya kuona mbali. Yeye akanunua mashua kuukuu ya mbao, akaitia injini ya lori, akaunda kompresa ya kujazia hewa kwa vyuma vya aina tatu tofauti. Akaanza kupeleka wageni kisiwa cha Ndere kila Jumamosi, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Watu walimcheka. Halafu wazungu wa mashamba ya chai ya Kericho wakaanza kuteremka kwa magari yao kupitia Awasi, wakifika na miwa ya Awasi mikononi kama watoto, na kicheko kikaisha.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Wewe najua kuogelea?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wapi?"

"Mtoni."

Mto wenyewe ulikuwa unanifika magotini, lakini hakuuliza kina. Aliyeuliza ni nahodha, Mzee Oloo, mtu wa Asembo, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa la kupasua mawe. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Huyu Mluhya atakufa wiki hii." Kisha akanifunga kamba kiunoni, akanisukuma majini hapo hapo gatini, akaketi kuvuta sigara yake. Nilikunywa ziwa siku ile, jamani. Nilipoanza kuzama alivuta kamba kidogo, nikipata pumzi analegeza. Alifanya hivyo kila siku kwa wiki tatu mpaka nikaogelea. Hakuna chuo kilichonifunza kitu upesi namna ile.

Mashua iliitwa Achieng', kwa sababu ilishushwa majini saa sita kamili ya mchana, na msichana anayezaliwa wakati huo kwa Wajaluo ndilo jina lake. Mzee Oloo aliisema kama mtu. Ikigoma kuwaka alisema Achieng' amenuna. Ikivuja alisema Achieng' analia, tumemkosea nini? Bwana Jivan alisema ni gasketi. Wote wawili walikuwa sawa, maana Jivan alibadilisha gasketi na Oloo alimbembeleza, na ikawaka.

Sasa niseme ya kompresa, na hapa mnisikilize hata kama hamtasikiliza mengine. Mpira unaovuta hewa uwekwe upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini. Usiangalie ulipouweka jana, upepo wa leo si wa jana. Mwaka wangu wa kwanza niliuweka vibaya, nikajaza mitungi minne. Jumamosi hiyo wageni wanne wakatoka majini wakitapika, vichwa vinawagonga, na bibi mmoja akasema chini ya ziwa kunanuka lori. Bwana Jivan hakunipiga kelele. Alifungua mtungi mmoja mbele ya pua yangu akasema, "Vuta." Nikavuta. Niliumwa kichwa mpaka Jumatatu, na sikukosea tena.

Kazi nyingine zilikuwa ndogo ndogo. Kuwaambia wageni wateme mate kwenye miwani ya maji kabla ya kuivaa, ili kioo kisifanye ukungu. Mabibi wa Kericho walikuwa wakinitazama kama nimewatukana, halafu nawaona wanageuka upande wakitema kwa siri. Kuwavisha miguu ya bata, yale mapezi ya mpira, na kuwazuia wasitembee nayo kwenye mashua. Mkanda wa madini ya risasi kiunoni, wa kumzamisha mtu, usio mzito sana. Kulikuwa na bwana mmoja mnene wa kiwanda cha chai ambaye tulimfunga risasi, akaelea. Tukaongeza, akaelea. Tukaongeza tena, akashuka kama nanga, na ikabidi Bwana Jivan amfuate chini kumtoa matopeni. Alipotoka alisema ilikuwa siku njema kuliko zote maishani mwake. Watu ni wengi duniani.

Na walikuwa wanaona nini huko, mtauliza. Nyuma ya Ndere palikuwa na mawe makubwa mawili yaliyotoka nje ya maji, meupe kwa mavi ya ndege. Chini yake, siku upepo umelala, ulikuwa unaona mita tatu, na hapo ndipo walipokaa fulu, wale samaki wadogo. Nyinyi mnamjua fulu aliyekaushwa sokoni, wa kijivu. Mimi nimemwona nyumbani kwake. Mara ya kwanza Bwana Jivan aliponishusha nilidhani ni vipande vya kitambaa: wekundu, samawati, wengine manjano kama ndizi mbivu, mia na mia, wakigeuka pamoja. Nilirudi juu. Mzee Oloo akauliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Mzee, pale chini kuna harusi." Ninapoandika haya mbuta, yule mla samaki wenzake, amekuwa mkubwa na fulu amekuwa haba, na wageni wenu wanatoka majini wakisema hawakuona kitu. Nawaonea huruma. Nawaonea nyinyi pia.

Lakini niwarudishe kwenye Jumamosi yangu ya kwanza, maana ndipo lile jambo linapoanzia. Wageni walikuwa wanapanda mashua, nami kwa bidii yangu ya mgeni nikasimama mlangoni nikiwanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu. Mzee Oloo alivua kofia akanipiga nayo mkononi, paa!

"Omera! Ndugu, unafanya nini?"

"Nahesabu wageni, Mzee. Wasipotee."

"Watu hapana hesabu! Hiyo ni kuita kifo. Ziwa likisikia unahesabu, litataka fungu lake."

Sikubishana naye. Kwetu Maragoli ni hivyo hivyo. Mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi husema, "Hao unaowaona." Nilikuwa nimebatizwa, nimesoma, naimba kanisani, lakini kidole changu kilishuka chenyewe. Bwana Jivan alijaribu kutushawishi siku mbili tatu, akachoka. "Basi fanya yenu," akasema, "lakini mtu yangu isipotee."

Yetu tuliyofanya ilikuwa ni ubao wa viatu. Niliupigilia misumari mimi mwenyewe, nyuma ya kibanda cha usukani. Kila mgeni akifika anavua viatu na kuviweka pale, maana viatu vya wazungu vilikuwa vinaharibu sakafu ya Achieng'. Akitoka majini, anajikausha vizuri kwa sababu ya kichocho, kisha anavaa viatu vyake. Ubao ukiwa mtupu, basi watu wote wamo, Mzee Oloo anawasha injini. Hakuna kuhesabu mtu wala kiatu. Mara moja jozi moja ilibaki, tukangoja, na kweli bwana mmoja alikuwa bado nyuma ya jiwe akimtazama kenge. Kwa miaka tisa ubao ule haukudanganya. Niliuonea fahari. Nilikuwa nawaambia wageni, "Sisi hapa tuna akili yetu."

Kisha akaja yule kijana.

Ilikuwa katika ile miaka vijana wa Ulaya walipoanza kuzunguka dunia na nywele ndefu na mfuko mmoja. Huyu aliitwa Peter. Alisema anatoka Denmark, na alifika gatini kwa miguu, tumekwisha kupakia, akaomba kwa upole kama anaomba maji. Bwana Jivan hakuwepo siku hiyo, alikuwa Nairobi kwenye harusi ya mpwa wake, na wageni chini ya maji angewaongoza Bwana Tom, mzungu wa Kericho aliyekuwa mzoefu. Kijana alionyesha cheti chake cha kupiga mbizi. Nikamtolea mtungi wa kumi kutoka stoo. Mke wa Jivan alikuwa na daftari la majina ya wageni dukani kwao, lakini huyu hakupitia dukani.

Na hakuwa na viatu. Alikuwa amekanyaga lami, mawe na mbigili kutoka sijui wapi, nyayo zake ngumu kuliko zangu. Mzee Oloo alimwangalia akacheka mpaka akakohoa. "Kisia, angalia! Sisi tunatafuta viatu ya mzungu, mzungu anatafuta miguu yetu!" Mimi nikasema labda viatu vimebaki Ulaya vinamngoja. Tulicheka sote, na kijana naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Katika kucheka kote huko, hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kuangalia ubao.

Tulipofika kwenye mawe nilitoa ile hotuba yangu ya kila safari. Nilikuwa naifurahia kwa sababu wageni walicheka mahali pale pale kila mara: "Miwani ikipotea, tutasamehe. Miguu ya bata ikipotea, tutanuna. Mtungi ukipotea, bwana, usirudi." Wakashuka wawili wawili, na Peter, kwa kuwa alikuja peke yake, akaambatana na bwana na bibi mmoja kama mtu wa tatu. Walizamia mara moja asubuhi, wakala chakula, wakazamia tena. Mchana ule upepo ulianza kuamka mapema kutoka magharibi, na mbali kulikuwa na wingu jeusi limeshuka hadi majini. Mzee Oloo akaanza kuguna. Wageni wakatoka upesi, wakajikausha upesi, wakavaa. Wale wawili walidhani Peter ametangulia kutoka. Ubao ukawa mtupu. Mzee Oloo aliutazama, nami niliutazama. Akawasha injini, tukaondoka.

Sasa ndio lile jambo.

Kazi yangu tukiwa njiani ilikuwa kupanga mitungi kwenye matundu yake na kuifunga kamba isigongane. Nikapanga tisa. Tundu la kumi likabaki wazi. Nikainama chini ya benchi, hakuna. Nikaangalia nyuma ya nanga, hakuna. Nikahesabu tena, kwa kidole, maana chuma kinahesabika: tisa. Moyo wangu ukafanya puu! Na mnajua niliogopa nini? Niliuogopea mtungi. Ulikuwa mpya, Bwana Jivan aliufuata Mombasa mwenyewe, akalala nao kwenye behewa la treni. Na siku aliyoniachia stoo peke yangu ndiyo siku nimeupoteza. Nikaketi juu ya kamba, nikaanza kutunga uongo. Nitasema ulitumbukia. Nitasema vali ilikuwa mbovu. Nitasema tulikuwa na tisa tangu asubuhi. Nilikaa hivyo robo saa nzima, vijana wangu, mashua ikienda, mimi namlilia chuma.

Kilichonizindua ni shati. Lilikuwa la maua, limefungwa kwenye fito za pembeni mwa mashua, linapepea. Wengine wote walikuwa wamevaa mashati yao. Lile lilikuwa kavu na halina mtu. Chini yake palikuwa na mfuko mmoja wa turubai na kijiko kimefungwa kwa kamba.

Mtungi haukwenda peke yake. Mungu wangu. Ulikuwa umefungwa kwenye mgongo wa mtu.

Nilipanda juu ya benchi. Sikufikiri. Nikanyoosha kidole mbele ya Mzee Oloo na mbele ya ziwa lote, nikapaza sauti: "Mmoja! Wawili! Watatu! Wanne!" Wageni wakanitazama kama nimerukwa na akili. Mzee Oloo akapiga kelele kutoka kwenye usukani, "Kisia! Nyamaza! Kisia!" Sikunyamaza. Nilipofika tisa kidole kikabaki hewani hakina mahali pa kwenda.

"Walikuwa kumi, Mzee. Yule wa miguu mitupu hayupo."

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka kwa haraka hivyo. Alizungusha usukani mpaka vikombe vyote vikaanguka, na Achieng' akageuka kuelekea lile wingu.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko safari zote nilizowahi kusafiri. Mawimbi yalikuwa yanapiga mbele, mvua ikatufikia, ile ya matone mazito yanayouma. Yule bibi aliyekuwa na Peter alikuwa analia na mumewe anasema, "Nilidhani, nilidhani." Bwana Tom alisimama mbele ya mashua ameshika fito kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: robo saa ya kwenda kabla sijashtuka, robo saa ya kukaa juu ya kamba, na sasa zote mbili kwa kurudi. Ile robo ya kati ilikuwa yangu mwenyewe. Kama kijana angekufa, angekufa ndani ya robo ile.

Tulipofika kwenye mawe hakuwepo. Juu ya mawe palikuwa na ndege peke yao, na kati ya mawe na sisi viboko wanne, masikio nje ya maji. Nilielewa kwa nini hakuweza kuogelea kwenda kujishika pale. Bwana Tom akaita jina lake, sote tukaita, upepo ukazichukua sauti zote. Basi Mzee Oloo akafanya jambo ambalo nisingethubutu na mawimbi yale. Akazima injini.

"Nyamazeni," akasema. "Wote. Wewe mama usilie. Tusikie."

Tukanyamaza. Achieng' akawa anarushwa kama kifuu. Nilisikia mvua, nilisikia mbao zikilia. Kisha kwa mbali sana, upande wa Asembo, ting. Kimya. Ting, ting. Kama mtu anayegonga sufuria.

"Chuma," nikasema. "Mzee, hicho ni chuma!"

Tulimkuta ameshika boya la nyavu za wavuvi, lile la fungu la mafunjo, kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameukumbatia mtungi kifuani kama mtoto mchanga, na kwa chuma cha mkanda wake, alichokishika kwa vidole vya mkono huo huo, alikuwa anaugonga. Alikuwa amefungua kamba za mgongoni. Angeuachia tu angeelea kwa raha, lakini hakuuachia. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nilijifunga kamba nikaruka. Nilipomfikia nikajaribu kuusukuma ule mtungi mbali ili nimshike vizuri, akakataa, akaung'ang'ania kwa nguvu ambayo sijui aliipata wapi. Nasi tulipomvuta ndani, akiwa amelala sakafuni anatetemeka na maji yanamtoka puani, aliniangalia mimi, akasema neno la kwanza: "Mtungi wenu uko salama."

Nililia. Nililia mbele ya wazungu na mbele ya Mzee Oloo, na sikuona aibu wala sioni sasa. Wageni walidhani nalia kwa furaha. Furaha ilikuwamo.

Yule kijana alipona. Alikaa Kisumu siku nne zaidi, mke wa Mzee Oloo akimlisha samaki wa ngege na ugali mpaka akasema tumbo linauma, na Mzee Oloo akamnunulia makubadhi ya akala pale sokoni, yale ya matairi, akamvalisha mwenyewe. Akaondoka nayo kuelekea Uganda. Hakutushitaki popote, wala sidhani alijua kuna la kushitaki.

Bwana Jivan alirudi Jumatatu, habari zikiwa zimemfikia kabla hajashuka kwenye treni. Alituita wote wawili stoo, akaketi juu ya kompresa yake. "Nani kosa?" akauliza.

"Ni mimi," Mzee Oloo akasema, kofia mkononi. "Mimi nahodha. Mimi nilikataza watu wasihesabiwe."

Jivan akanigeukia. "Na wewe nagundua saa ngapi?"

"Mara tu nilipopanga mitungi, Bwana," nikasema. "Mara tu."

Mzee Oloo alinitazama kidogo, akatazama chini. Jivan akasema Mzee aendelee mpaka mwisho wa mwezi, kisha watazungumza. Sote tulijua maana yake. Miaka yake yote kwenye Achieng' ingeishia kwenye maneno hayo, nami nilikuwa nimesimama pale nimefunga mdomo.

Wiki ile chakula kilinikataa. Ijumaa nilimfuata Mzee Oloo gatini alikokuwa anapaka lami mashua, na nikamwambia yote: mtungi, kamba, uongo niliokuwa natunga, robo saa. Nilimwambia nitakwenda kwa Jivan kusema. Alipaka ubao mzima kabla ya kunijibu.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Nilikuona unahesabu chuma mara mbili. Nilikuona unaketi. Nikajua kitu imepotea. Nikasema moyoni, ni mtungi tu, hiyo ni shida ya Kisia na Mhindi wake, mvua inakuja, twende." Akachovya brashi. "Sasa, omera, robo saa hiyo tugawane namna gani?"

Tulikwenda kwa Jivan pamoja. Alitusikiliza, akasema kwa Kihindi kitu ambacho hakuna aliyetutafsiria. Kisha akasema hana nahodha mwingine na hana mtu mwingine wa stoo, tutoke mbele yake. Hayo ya baadaye mnayajua, mlikuwepo wengine wenu.

Lakini hamkuwepo Jumamosi iliyofuata, na ndiyo ninayotaka muijue. Wageni walikuwa wachache, habari zilikuwa zimesambaa. Tulipomaliza kuzamia pale kwenye mawe wakapanda, wakajikausha, wakavaa viatu. Ubao ukawa mtupu. Nikangoja injini. Mzee Oloo alikuwa amesimama kwenye usukani mkono juu ya swichi, hawashi.

"Hesabu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Hesabu watu, Kisia. Kwa kidole. Kwa sauti."

Nikahesabu. Mmoja, wawili, watatu, mpaka wageni sita, na Bwana Jivan wa saba, aliyekuwa amesimama na taulo shingoni. Nikashusha mkono.

"Na mimi," Mzee Oloo akasema.

"Nawe, Mzee?"

"Mimi si mtu? Nihesabu."

Alikuwa amevua kofia. Nilimnyooshea kidole, nikasema, "Nane." Alifumba macho kidogo kama mtu anayedungwa sindano. Nikadhani tumemaliza, nikageuka kushika kamba.

"Na wewe je?" akasema. "Wewe nani anakuhesabu?"

Basi yule mzee, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtaja mtu kwa namba, akainua mkono wake wenye lami, akaninyooshea kidole kifuani.

"Tisa," akasema, na akawasha injini.